Fungu Limepatikana, Zaina

Shoga yangu Zaina,

Fungu limepatikana. Naanza na hilo kwa sababu najua ungetaka kulisikia kabla hata ya salamu. Wametoa fedha za kubomoa majengo ya shule yaliyoachwa, na Jumanne katapila la manjano lilikuja kuangusha yale madarasa nyuma ya meza yetu ya mboga. Ukuta uliokuua ulikuwa umebaki kipande. Kilianguka kwa muda ambao wewe ungemenya vitunguu viwili. Basi. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa ndogo kiasi hicho.

Unakikumbuka kisu? Kile cha mpini wa mbao tulichokuwa tukikatia mchicha. Wanafunzi walipohamishiwa shule mpya ng'ambo ya barabara, wewe ulikichomeka kwenye ufa wa ukuta ule ili kisipotee, kikaingia ncha tu. Masika iliyofuata kikaingia mpaka mpini. Ukaniita, "Anje, njoo uone, ukuta unakula kisu!" Tukacheka. Kisha ukaacha kucheka, ukaenda kwenye mkutano wa mtaa.

Siku ile nilikaa nyuma yako. Yule bwana wa ofisi ya halmashauri alikusikiliza, akaandika kwenye daftari lake, akasema, "Mama, suala hilo tunalijua, ila fungu halijapatikana." Nawe ukamjibu, "Baba, mimi peke yangu kila asubuhi napanga mafungu ishirini ya nyanya. Ninyi ofisi nzima mmekosa moja?" Watu walicheka hadi mwenye duka akaangusha kofia. Bwana yule naye alicheka. Tangu hapo akipita anakuita Mama Mafungu, ananunua bamia, anaondoka. Ulimkumbusha mara mbili tena. Kila mara aliandika.

Siku ya mvua sikutaka kuiandika. Turubai letu lilikuwa limefungwa kwenye nondo za dirisha la ukuta ule, upepo ukawa unalivuta. Mimi nilishavuka barabara. Nikakupigia kelele, "Liache!" Ukasema, "Nafungua fundo hili tu." Hayo ndiyo maneno yako ya mwisho, shoga. Fundo. Nilifukua kwa mikono, muuza nyama akaja kunisaidia, na tulipokufikia...

Tukakuzika kwenu Mwera. Wa ofisini walikuja na gari, wakatoa ubani, na mmoja wao akasema ni kazi ya Mungu. Niliwashukuru kwa kuja, ndivyo nilivyo. Lakini neno lile sijalimeza mpaka leo. Aliyekuwa na daftari si Mungu, Zaina.

Sasa sikia ya Jumanne. Kabla ya katapila kuwashwa walifunga hema, wakapanga viti na spika. Wakanifuata mezani, wakaniambia nitoe neno la shukrani kwa niaba ya akina mama wa mboga, kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa karibu nawe. Wakanipa na karatasi, wameshaandika kila kitu. Ilisema kilio chetu kimesikika. Jina lako halikuwemo.

Nilishika kipaza sauti. Ulikuwa ukinitania kwamba mimi hata nzi nikimfukuza namwomba radhi. Nikawaamkia wazee shikamoo, nikasema, "Zaina aliomba fungu hili mbele yenu akiwa hai. Aliomba mara tatu. Shukrani sina. Naomba lile daftari lisomwe hapa."

Halafu mshereheshaji akaninyang'anya kipaza sauti, akasema, "Mama yetu ana uchungu, tumpigie makofi." Wakapiga makofi, Zaina! Wakapiga makofi!

Nilipopita karibu na yule bwana akaninong'oneza, "Mama, jambo hilo hapa si mahali pake." Nikamwambia, "Mahali pake ni Mwera, mwenyewe amelala huko. Twende ukamsomee." Nikaondoka. Sikumwomba radhi.

Nawachukia, shoga. Sikujua kama naweza. Nafuta meza huku nawachukia, napanga nyanya huku nawachukia. Kanisani naombea kila mtu, nikifika kwao naruka.

Kuna jambo moja bado. Ile nyumba ya mwalimu mkuu, upande wa msikitini, wameiacha imesimama. Nilipouliza nikaambiwa haimo kwenye fungu hili. Na wewe unajua watoto wanapita chini ya ukuta wake kila jioni wakienda madrasa, wengine wanauegemea wakingojeana. Una ufa kuanzia dirishani mpaka chini.

Kwa hiyo nimekichukua kisu chetu. Kila Jumatatu nitakichomeka kwenye ufa ule, kisha nitakwenda ofisini kwa yule bwana nimwambie kimeingia hadi wapi. Nitasimama mpaka aandike. Nitasoma alichoandika, naye ataweka sahihi mbele yangu. Akicheka, nitangoja amalize kucheka. Nakuahidi, mpaka nyumba ile ianguke kwa katapila na isimwangukie mtoto wa mtu.

Mahali pako mezani papo. Mafungu yako nayapanga kwanza, na nyanya moja ya ziada juu, kama ulivyokuwa ukifanya ukidhani sikuoni.

Lala pema, Zaina. Leo ni Jumatatu. Kisu kimeingia nusu. Najifunga kanga niende.

Anje wako