Maji Meupe ya Kisima cha Dampo

Jumatatu, 4 Machi 1996
Wiki ya pili ya mafunzo kwa vitendo, idara ya maji. Leo tumechukua maji ya kisima cha dampo, mimi na Mzee Tadei, fundi wa pampu. Dampo lenyewe lilikuwa shimo la kufyatulia tofali. Sasa linajazwa taka za sokoni, pumba, uchafu wa machinjioni. Kutoka ukingoni hadi kwenye pampu nimehesabu hatua thelathini na nne. Thelathini na nne! Na foleni ya ndoo imefika barabarani.

Nimeuliza kwa nini wasiende kisima cha njia panda, hakina mtu. Wanawake wamecheka. Kile cha kutu? Wali unatoka mwekundu, shuka nyeupe inageuka kaki! Mmoja akaniambia nikanywe mwenyewe, nizae misumari. Maji ya dampo ni meupe. Ukiyatazama kwenye glasi, huyashuku.

Chupa za sampuli zimeondoka na basi la Morogoro, kwenda maabara.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeshindwa kukaa tu kusubiri majibu. Baada ya kazi nimepita nyumba hadi nyumba hapa Viwanja Sitini kuwahimiza watu wachemshe maji. Wengi wameitikia ili niondoke. Aliyenisikiliza kweli ni Minza, jirani yangu, tunatenganishwa na ukuta tu. Anamlea Ngusa, mtoto wa marehemu mdogo wake, miezi miwili. Hakuna wa kumnyonyesha. Limbu, mumewe, analeta maziwa ya ng'ombe zao kwa baiskeli kutoka Idete, wanayazimua kwa maji.

Nimemwambia maji ayaache yatokote mpaka yapungue.
"Yapungue kiasi gani, mwalimu?"
Mimi si mwalimu. Nimemwonyesha kwa kidole ndani ya sufuria: nusu. Amechukua kisu, akakwaruza mstari pale pale kidole kilipokuwa.

Nimerudi nikiwa na furaha ya kijinga.

Jumatatu, 18 Machi
Mvua tangu juzi. Shimo la dampo limejaa kama bakuli.
Ngusa hachangamki. Midomo yake — kama aliyekula zambarau. Minza anasema ni baridi, amemfunga kanga mbili. Nimetazama kucha. Nazo vilevile.
Nimemwambia achemshe zaidi.

Jumatano, 20 Machi
Majibu yamefika. Vijidudu: vichache mno. Nitrati: miligramu 160 kwa lita. Kwa mtoto mchanga haifai ivuke 50.

Nililisoma hili mwaka wa pili. Liliulizwa kwenye mtihani, nikapata alama zote! Nitrati, ile chumvi ya taka na kinyesi vinavyooza, haifi kwa moto. Maji yanaondoka na mvuke, yenyewe inabaki sufuriani. Nusu ya maji, nitrati mara mbili. Inaingia kwenye damu ya mtoto, damu inashindwa kubeba hewa.

Na mstari ule nimeuonyesha mimi.

Nimekimbia. Mlango wa Minza una kufuli. Majirani wanasema wamempeleka Ngusa hospitali alfajiri, amebadilika rangi.

Jioni. Nimempa daktari karatasi. Damu waliyomtoa ilikuwa ya kahawia, walikuwa wanashangaa. Sasa wamejua wanatibu nini. Anasema atapona, ila asiguse tena maji yale.

Minza alikuwa kwenye benchi la wodi, miguu ina matope. Amenishika mikono yote miwili. Mungu akubariki mwanangu, ni wewe uliyemwokoa.
Nimeitikia amina! Nimeitikia amina.

Ijumaa, 22 Machi
Sijala.

Jumamosi, 23 Machi
Wamerudi nyumbani asubuhi. Ngusa ana midomo ya mtoto mwingine kabisa, myekundu, analia kwa nguvu. Nimeamkia, shikamoo Mama, shikamoo Baba, kisha nimesema kabla sijaketi: maji yalikuwa mabaya, lakini kuchemsha hadi nusu ndiko kulikozidisha. Ni mimi niliyekutuma.

Minza alikuwa anapeta mchele. Hakuacha. Ungo ukapanda, ukashuka, ukapanda. Limbu ndiye aliyeanza: "Shule zote hizo! Ng'ombe wangu hawajaona darasa na maji mabaya wanayasusa."
"Mwache," Minza akasema. "Mtu mwenye nia mbaya haji mwenyewe kusema." Kisha akanitazama. "Sasa tumpe yapi?"
Nikasema ya njia panda. Ya kutu.
"Mekundu vile?"
"Wekundu ule ni chuma tu. Ni rangi."
Limbu akabeba ndoo, akaenda. Hivyo tu! Baada ya yote, amebeba ndoo kwa neno langu.

Mchana nimefungua daftari la kazi ili niandike namba za kisima cha njia panda. Hakuna namba. Hatukukipima. Sasa nakumbuka, Mzee Tadei alisema hakuna anayekunywa pale, tusipoteze chupa.

Kiko mbali na dampo, kweli. Lakini nyuma yake kuna vyoo vya gulio. Sijui. Sijui!

Nimekwenda kumwambia Minza. Nimekuta majirani wawili wamekuja kumpa pole, na Minza amechota kikombe kutoka kwenye ndoo ya Limbu. Akanipa mbele yao. "Anza wewe, mwalimu. Ukianguka tutajua."
Wakacheka. Nimekunywa chote. Ladha ya msumari.
"Haya," akasema, "mimi nimeridhika." Ameridhika kabisa, hata mabega yameshuka.

Tumbo la mtu mzima halisemi chochote. Mimi naweza kunywa maji ya dampo mwaka mzima nisibadilike rangi. Kikombe kile hakijathibitisha kitu, na mimi peke yangu pale ndiye niliyejua. Nikaaga.

Sasa ni saa kumi kasoro. Nasikia anapuliza moto upande wa pili wa ukuta, anamwimbia Ngusa Kisukuma. Maziwa ya saa kumi. Hospitali iliwapa maji ya leo asubuhi tu.

Nimegonga ukuta. Nimemwita, asimpe kwanza.
"Nini tena, mwalimu?" anauliza, bado anacheka —