Masale ya Dukani

Himo, Jumamosi usiku

Bado nacheka peke yangu.

Tangu nimshawishi Mama aondoe kaunta ili wateja wajichagulie wenyewe, nimekuwa nikiwachunguza. Wanaingia, wanafika kwenye sabuni, wanageuka. Kanga za nyuma hakuna anayezigusa. Mama alinipa hadi leo: "Wasipofika huko narudisha kaunta yangu, na hizo akili za chuo utapimia sukari."

Nilibadilisha taa. Nikahamisha rafu. Wakaendelea kuishia palepale, kwenye masale niliyoyapanda makoponi ili kupendezesha njia.

Asubuhi mteja wetu Mama Ndesari akasimama hapo, akinyoosha shingo.

"Shikamoo mama. Mbona hupiti?"

"Marahaba. Nipite wapi, mwanangu? Si umeweka mpaka? Huko ni kwa nani?"

Mungu wangu! Na mimi nimezaliwa kihambani, kwenye shamba la ukoo, ambako masale ndiyo yanayotutenga na jirani!

Mama alicheka mpaka akakalia gunia la maharage. "Msomi kawafungia wateja njia!"

Nikahamishia makopo kwenye mlango wa stoo. Kufikia jioni kanga zilikuwa zikigombaniwa, na stoo, ambako kila mtu alizoea kuchungulia, hakuna aliyethubutu.

Wakati wa chakula nikakuta kando ya sahani yangu jani la isale lililofungwa fundo. Ndivyo tunavyoombana radhi huku. Mama alikula ndizi zake bila kunitazama.

"Ile kaunta," akasema mwishowe, "kuku wanaweza kutagia."