Mluzi Katikati ya Ubeti

Tarehe 4 Februari

Kwa Shangazi mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepunguza ukaidi, na cherehani bado inakutii. Huku sote tu wazima, ila kazi imetukalia kichwani. Nakuandikia kwa sababu simu zetu huishia kwenye "Husikiki, mwanangu," kisha zikakatika.

Nina habari njema. Mradi wetu wa kuhifadhi nyimbo za kazi kwenye mtandao unaendeshwa kwa fedha za wafadhili, na wafadhili hawatoi kwa imani tupu. Kila mwaka hudai vipimo: wimbo gani umesikilizwa, kwa wingi gani, na watu wa wapi. Kwa muda mrefu mstari wa mchoro wetu ulilala kama mgonjwa. Mwezi wa Novemba ukasimama wima, na uliousimamisha ni wimbo wako wa cherehani, ule aliokuachia marehemu bibi. Peke yake umesikilizwa kuliko nyimbo nyingine zote kwa pamoja. Nimeuweka mchoro huo kwenye ukurasa wa kwanza wa ripoti, na chini yake nimeandika kwamba jamii imezirudia sauti za wazee wake. Wenzangu ofisini wamekubandika jina, Mama Nguzo.

Aprili atakuja mtathmini. Akiridhika, mradi utaongezewa muda, nao wenzangu wanne hawatarudi kutafuta kazi.

Uliniambia kuwa wimbo ule ni wa kushonea, si wa kusikilizwa. Niruhusu nikubishie kwa heshima.

Mwanao

*

Tarehe 19 Februari

Kwako mwanangu, Bwana Vipimo,

Marahaba. Goti ni lile lile, limezeeka pamoja nami na halitaki kutangulia wala kubaki nyuma. Nimeisoma barua yako mara mbili. Nilikuwa nimeamua kunyamaza, maana mambo mengine mtu mzima huyameza. Lakini umeandika kwa furaha mno, nikaogopa usije ukajenga nyumba juu ya hayo.

Wiki iliyopita nilikuwa kliniki, nimekaa kwenye benchi nikingoja kuitwa. Simu ya dada mmoja ikalia, na mlio wake ulikuwa mimi. Nikajisikia naimba vizuri kabisa, hadi pale meno yangu ya bandia yalipoteleza, mluzi ukanitoka, fyuu, nami nikasema, "Jamani, meno yangu!" Hapo simu ikarudia tena. Benchi zima likacheka. Yule dada akatuomba radhi, akaeleza kuwa huo ndio mlio wa mjini siku hizi, na kwamba wako wanaojirekodi wakimwigiza huyo bibi kibogoyo. Nami nikacheka, mwanangu. Ningefanyaje? Nisingecheka, wangejua kuwa ni mimi.

Sasa naelewa kwa nini vijana wa kibanda cha kutengeneza simu hupiga mluzi nikipita. Nilidhani wananisalimu, na nilikuwa nawaitikia.

Siku uliyokuja na kinasa sauti nilikuambia, "Hapo pakate." Ukaitikia, "Sawa, Shangazi." Labda hukunisikia. Sikuwa na meno.

Shangazi yako

*

Tarehe 26 Februari

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Sina uso wa kukuuliza habari za goti kabla ya kulijibu hilo moja. Nilikusikia.

Katika kazi yetu ipo kanuni kwamba sauti iliyonaswa haikatwi, kwa kuwa anayeanza kwa kuondoa kikohozi huishia kuondoa ukweli. Kanuni hiyo naifundisha, na ninaiamini. Nilipokujibu "sawa" nilikuwa nakutuliza tu ili tuendelee. Nilijua hutumii mtandao; nikahesabu kuwa hutajua.

Baada ya barua yako nimefanya nilichopaswa kukifanya kabla ya kuandika ripoti: nimechunguza wasikilizaji wanasikiliza nini. Karibu wote huruka moja kwa moja hadi kwenye mluzi, kisha wakaondoka. Beti za bibi hazina msikilizaji. Hesabu yetu ilikuwa sahihi. Tulichodai kuwa tumekihesabu ndicho ambacho hakikuwepo.

Ningeweza kuuondoa wimbo leo hii. Lakini ripoti imeshamfikia mtathmini, na nguzo ikitoweka ataniuliza iko wapi. Nakuomba uvumilie hadi aondoke. Wenzangu wana watoto.

Mwanao

*

Tarehe 10 Machi

Kwako mwanangu,

Marahaba. Nimevumilia mengi yasiyokuwa na mtathmini. Hata hili nitalivumilia. Watoto wa watu wasilale njaa kwa sababu ya kinywa changu. Watu husema ulimi hauna mfupa. Mimi nimezidi, sina hata meno ya kuuzuia.

Siku hizi nafunga dirisha la upande wa kibandani. Joto lipo, lakini si la kuua.

Shangazi yako

*

Tarehe 2 Aprili

Kwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini dirisha limefunguliwa, ingawa sijafanya lolote la kulifungua.

Mtathmini ameusoma ukurasa wa kwanza na anataka kukutana nawe. Kiongozi wa mradi haruhusiwi kuwapo, ili majibu yasielekezwe, kwa hiyo ataletwa na mwenzangu, fundi wa sauti. Mtathmini sijamweleza ukweli wa mchoro ule. Nilijaribu, kila sentensi niliyoianza niliimalizia kwa neno "hata hivyo".

Ukikataa, nitaelewa. Ukikubali, jibu utakavyo.

Mwanao

*

Tarehe 20 Aprili

Kwako mwanangu,

Marahaba. Mgeni wako alikuja. Ni mama mpole, alikaa palepale ulipokaa wewe, penye kiti kinachoyumba, wala hakulalamika. Aliniuliza mradi umenifaidia nini, nikamjibu kuwa umenifanya nijulikane. Hapo sikusema uongo.

Kisha akaniomba niimbe. Nikaikanyaga cherehani, nikamwimbia beti zote za mama yangu, meno yakiwa mahali pake. Alishukuru, lakini akawa anatazama makaratasi yake, kisha mimi, kisha makaratasi. Mimi ni fundi cherehani. Namjua mteja aliyeonyeshwa gauni kwenye picha akaletewa jingine. Basi nikayavua meno, nikayaweka juu ya meza ya cherehani, nikaimba tena, nikautoa na mluzi, nikasema na yale maneno. Alicheka hadi akafuta machozi. Akaandika sana.

Nilidhani hicho ndicho alichokuja kukipima.

Fundi wako hakucheka. Alikuwa anatazama sakafu.

Nadhani mradi umeupata.

Shangazi yako

*

Tarehe 15 Mei

Kwa Shangazi,

Shikamoo, na ukipenda usiitikie.

Mradi tumeupata. Mtathmini amekusifu kwa maneno haya: "mwimbaji mchangamfu, asiyeona haya, ambaye jamii yake inamwonea fahari." Niliyasoma mbele ya wenzangu; walipiga makofi, isipokuwa fundi wa sauti, aliyetoka nje.

Siku iyo hiyo niliuondoa wimbo. Nimewaandikia wafadhili kwamba mchoro wa ukurasa wa kwanza ulihesabu vicheko, kwamba nililijua hilo kabla hawajamtuma mtu, na kwamba wenzangu hawakujua. Hawajajibu. Wanaweza kuniondoa mimi na kuuacha mradi. Nimewaomba wafanye hivyo.

Lakini nisikudanganye mara ya pili. Wimbo umeshaingia kwenye simu za watu, na huko mkono wangu haufiki. Maji yamemwagika, nami ndiye niliyeyamwaga nikiwa nimeshika kipimo.

Naomba nije Jumamosi ya kwanza ya Juni. Sitabeba kinasa sauti.

Mwanao

*

Tarehe 28 Mei

Kwako mwanangu,

Marahaba. Nimeitikia, unaona.

Njoo. Chumba chako ni kile kile. Njoo na suruali zako zilizochanika, ila usiwe na haraka nazo. Mguu wangu ulizoea kuufuata wimbo, na tangu niuache, mshono unakwenda upogo. Juzi mteja amenirudishia sare. Beti sijazisahau hata moja. Tatizo ni kwamba nikifungua kinywa, mluzi unanitangulia.

Utakula na utalala. Neno moja tu: usije ukaniuliza nimekusamehe kiasi gani. Mimi mwenyewe bado sijui, na sitaki mtu akipime.

Shangazi yako