Rili ya Mahari

Durban, mwezi wa kumi, 2012

Mama yangu mpenzi,

Jambo Mama, jambo sana, na jambo kwa wote waliokaa hapo Feza anapokusomea. Mguu umepoa? Ile dawa ya kuchua niliyotuma unaitumia, au umeshawagawia majirani? Nakujua. Mvua imeanza huko Uvira? Ndagala wanapatikana, au mwezi huu ziwa limewaficha? Mimi ni mzima. Nakula, nalala, na kazi yangu ya kutengeneza simu iko palepale karibu na soko la Warwick, na wateja wananigombeza kama kawaida yao. Mungu anatulinda.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu maneno yanakatika, na hili si jambo la kukatika katikati. Ni habari ya Zawadi, mchumba wangu. Kila ukinipigia unaniuliza, "Wamekupa au hawajakupa?" Nami nazungukazunguka tu. Leo nakueleza yote tangu mwanzo. Nawe Feza, usirukie mwisho, dada yangu, nakufahamu!

Baba yake Zawadi ni kinyozi, mtu wa Bukavu aliyekaa hapa miaka mingi. Huku wote tunamwita Papa Zawadi. Maneno yake ni machache mno: akikunyoa unasikia mashine tu. Kitu kimoja ndicho kinachomfungua mdomo, nacho ni kuvua. Tena si baharini, ingawa bahari iko hapo chini tu. Kila Jumamosi alfajiri rafiki yake anampitia na gari, wanakwenda kwenye bwawa la Inanda kuvua samaki anayeitwa bass. Ni samaki mwenye mdomo mpana, mjanja, anajificha kwenye majani. Havuliwi kwa nyavu na taa kama kwetu. Unasimama na fimbo, unatupa kisamaki cha plastiki, unakunja uzi taratibu na kumdanganya. Na wengine, Mama, wakishampata wanampiga picha, halafu wanamrudisha majini! Nilipoambiwa hivyo niliuliza mara mbili. Papa Zawadi yeye harudishi kitu, mke wake angemfukuza.

Basi tulikwenda kujitambulisha, mimi na mzee Lubunga, yule fundi viatu wa Fizi aliyekubali kusimama mahali pa marehemu Baba. Mzee Lubunga alizungumza mpaka soda zikapata moto. Papa Zawadi akamsikiliza, akamaliza, akasema, "Miye sitaki mbuzi. Mbuzi nitamfunga wapi, ku balkoni? Suti niko nayo. Mama yake mumletee vitenge vyake, muongee naye. Miye mniletee rili."

Rili, Mama, ni ile mashine ndogo ya kukunjia uzi inayofungwa kwenye fimbo ya kuvulia. Mzee Lubunga akauliza, "Rili ya namna gani, ndugu yetu?" Akajibiwa, "Achague mwenyewe. Kwa rili atakayoleta nitajua ni mtu gani anamtaka mtoto wangu."

Nilicheka moyoni, nikaona mambo yamekuwa mepesi. Zawadi alinisindikiza mpaka kwenye robot, zile taa za kuongoza magari, akanifuta kile kicheko. Kumbe mwaka juzi alikuja mchumba mwingine, kijana mwenye duka na gari, akaambiwa maneno hayohayo. Akaleta rili kubwa kama sufuria, ya kuvulia papa wa baharini, bei yake usiulize. Papa Zawadi akaitazama, akaifunga tena katika boksi lake. "Huyu hajauliza hata ninavua wapi," akasema. Yakaishia hapo. Zawadi aliniambia, "Papa akikataa mara moja, amekataa. Nami siwezi kutoka kwetu bila neno lake." Usiku ule chakula kilinishinda, Mama. Nakwambia kweli, nampenda huyu msichana, na niliogopa.

Jumamosi yangu ya kwanza ya nafasi nikapanda taxi mpaka Pinetown, kwenye duka la vifaa vya kuvulia. Muuzaji ni Mhindi wa Chatsworth, mcheshi, mvumilivu. Nilipomweleza kwamba ni ya mahari, aliacha kazi zote. Akanitolea rili za kuvulia bass, zile za kukaa juu ya fimbo, zenye bobini inayozunguka kama ya cherehani. Akanifundisha. Kuna zinazokunja haraka na zinazokunja polepole. Kwa bwawa lenye majani mengi chukua ya haraka, umtoe samaki kabla hajajisokota humo. Iwe nyepesi, maana mtu anatupa asubuhi nzima. Iwe na breki nzuri, kwa sababu ukitupa, bobini inazunguka kwa nguvu, na usipoigusa kwa kidole gumba uzi unafumuka wote. Sikumwamini. Akanipeleka uani nyuma ya duka, akanifungia kijiwe cha risasi, akasema, "Tupa." Nikatupa. Eish, Mama! Uzi ulifumukia ndani ya rili kama nywele za mtoto aliyekataa kuchanwa mwezi mzima. Tulikaa chini tukaufumua sisi wawili, na yeye anacheka mpaka machozi.

Mwisho akaniuliza, "Huyo baba mkwe anatupa kwa mkono gani?" Akanieleza kwamba kishikio cha rili hizi kiko upande mmoja tu, hakihamishwi. Anayetupa kwa kuume inampendeza yenye kishikio kushoto: akishatupa, mkono wa kushoto uko tayari kukunja, hana haja ya kuhamisha fimbo. Anayetupa kwa kushoto ni kinyume chake. Na ikishatiwa uzi, hairudishwi dukani.

Sasa hapo ningefanyaje? Wewe ndiye uliyenilea, unajua. Mkwe hamuulizi baba mkwe habari za mwili wake, hata kama ni mkono tu. Na kumfuata bwawani kumchungulia kwenye majani kama polisi, hapana. Nikamwuliza Zawadi. Akashangaa: "Papa? Kuume. Si watu wote?" Hata hivyo sikuridhika. Nikaenda kunyolewa kwake, nikamtazama kwenye kioo: mashine mkono wa kuume, mkasi kuume. Juma lililofuata nikaenda tena, na kichwani hamna kitu cha kunyoa, akanitazama tu. Siku ya Jumapili tukaalikwa kula, nikamwangalia anavyomega bukari, anavyochukua mboga ya sombe, anavyosalimia watu wa kanisa. Vyote kuume. Nikarudi Pinetown kifua mbele, nikanunua ile yenye kishikio kushoto. Bei sitakwambia, utafunga siku tatu uniombee.

Siku ya mahari ikafika. Palikuwa na watu wa pande zote mbili, sebule imejaa, watoto wamefukuzwa nje. Mama Zawadi alishika vitenge vyake, akavikunjua kimoja kimoja, akapiga vigelegele. Ndipo mzee Lubunga akatoa rili, akaihutubia kidogo, maana hawezi kujizuia, akamwonyesha Papa Zawadi. Baba mkwe akaigeuza, akaipima uzito, akabonyeza, akasikiliza bobini inavyozunguka. Akatikisa kichwa, kwamba ni nzuri. Halafu akainuka, akatoa fimbo yake nyuma ya mlango, akaifunga rili juu yake.

Akaishika kwa mkono wa kushoto.

Akaipeleka ile fimbo nyuma ya bega kama mtu anayetaka kutupa, akairudisha mbele, na mkono wake wa kuume ukaenda kutafuta kishikio. Haukukuta kitu. Ukabaki hewani. Nikajisemea, Asukulu, umempoteza.

"Nani alikuambia natupa kwa kuume?" akauliza. Mzee Lubunga akafungua mdomo, akanyamazishwa. "Namwuliza yeye."

Nikasema, "Hakuna aliyeniambia, Papa. Nilikutazama. Unakula kwa kuume. Unanyoa kwa kuume. Unasalimia kwa kuume."

"Ndiyo sababu ulinyoa kichwa mara mbili?"

"Ndiyo, Papa."

Watu wakacheka, yeye hakucheka. Akakaa, fimbo iko magotini. Akasema, "Miye nilizaliwa wa kushoto. Bibi yangu alikuwa ananifunga huu mkono na kitambaa wakati wa kula. Shuleni, mwalimu alinipiga vidole na rula. Nikajifunza kuume, nikasahau. Kule bwawani tu ndiko hakuna mutu wa kunitazama. Rafiki yangu anatazama maji yake. Ndiyo maana naenda. Naenda huu mkono upumuzike."

Mama Zawadi aliweka vitenge chini. "Miaka yote hii," akasema, "miye nilizani unafuata samaki."

Nikataka kuomba radhi, nikasema nitatafuta nyingine hata kama ni mwaka ujao. Akanizuia kwa kidole. Akainuka tena, akafanya kama anatupa kwa kushoto, akaihamishia fimbo mkono wa kuume, akazungusha kishikio kwa mkono uleule wa kushoto. Akarudia. Ule wa kuume sasa unashika fimbo tu kama mtumishi. "Huu mkono umenyimwa kazi tangu utoto," akasema. "Leo utatupa, na utakunja."

Akamgeukia Zawadi, akamwuliza kama desturi inavyotaka, "Mtoto wangu, huyu unamjua? Vitu vyake tuvipokee?" Zawadi machozi yalikuwa yanamtoka, si kwa ajili yangu, kwa ajili ya baba yake. Akasema, "Vipokee, Papa." Akaulizwa mara tatu, akajibu mara tatu.

Basi mzee Lubunga akachukua bahasha ya mahari, zile pesa tulizoongea na Mama Zawadi, kwa mikono miwili, akainama, akaipeleka. Na Papa Zawadi, mbele ya watu wa kanisa na wazee wa pande zote, akanyoosha mkono wa kushoto kuipokea. Mtu mmoja upande wetu aliguna. Mzee Lubunga akashtuka, akairudisha nyuma, akanitazama kama anayesema, mwanangu, tumetukanwa, twende. Nikaichukua ile bahasha kwake, nikapiga goti moja, nikaiweka mimi mwenyewe katika ule mkono. Vidole vyake viliifumba.

Mama, watu wa Uvira ni wengi hapa na midomo yao haina breki. Watakuja kukuambia mwanao alipokelewa mahari kwa kushoto, kama mbwa anatupiwa mfupa. Waache wamalize, uwape maji wanywe. Hakuna mtu katika ile nyumba, hata mke wake, aliyewahi kupokelewa kitu na mkono ule. Wa kwanza ni mimi.

Nimepewa mke, Mama. Piga vigelegele, jirani wasikie.

Nisalimie shangazi, ambaye najua ataniuliza kwa nini hakuitwa kuongea. Kaka mkubwa na shemeji yangu. Mama mdogo wa Kalundu. Na pasta aliyenibatiza. Feza, asante kwa kusoma, kitenge chako kinakuja na Zawadi mwenyewe, Mungu akijalia. Naweka hapa kalamu, wateja wamefika na simu zilizoanguka kwenye maji, na wote wanasema hawajui zilifikaje humo.

Ni mimi mwanao, sasa mume wa mtu,

Asukulu