Zamu ya Kumwogesha Maman

Cyangugu, 4 Julai 1999

Kaka Védaste,

Salamu nyingi. Biashara inaendaje huko Bukavu? Mimi ni mzima. Maman upande wa kushoto bado umelala tangu kile kiharusi, ila ulimi uko imara.

Leo parokiani walitusomea hesabu yao ya wanaouguza ndugu majumbani hapa mjini bila malipo. Wengi ni wasichana kama mimi, halafu bibi wazee. Wanaume wengi vita viliwachukua, lakini hata waliobaki hawakuonekana kwenye hesabu hiyo. Watu walicheka. Mimi niliona uchungu.

Nimepata nafasi ya kusomea unesi, naanza Septemba. Asipopatikana mtu wa kukaa na Maman, naipoteza. Ungekuwa na mke ungemtuma. Huna, basi njoo mwenyewe.

Mdogo wako, Bella

Bukavu, 1 Agosti 1999

Mdogo wangu Bella,

Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Hongera kwa nafasi hiyo.

Kuvuka mto Rusizi si shida. Lakini mtoto wa kiume atamwogeshaje mama yake? Kwetu haijafanyika. Natuma sabuni na mafuta ya kumpaka. Tafuta msichana wa kusaidia.

Kaka yako, Védaste

Cyangugu, 9 Agosti 1999

Kaka,

Habari za huko? Sabuni imefika, asante. Msichana nimtoe wapi? Kila msichana hapa ana mgonjwa wake.

Maman naye anakuunga mkono: “Afazali nioze kuliko mutoto mwanaume anioshe.” Nimelia, kisha nimefunga sanduku. Naondoka tarehe tano Septemba. Mkubaliane wenyewe.

Bella

Cyangugu, 17 Oktoba 1999

Mdogo wangu Bella,

Hujambo huko shuleni? Huku tuko salama. Duka la Bukavu nimemwachia Mulume, msaidizi wangu.

Mwanzoni Maman alikubali uji tu. Jirani yetu Nsimire alikuwa anakuja kumwogesha, mpaka mama mkwe wake naye akaugua. Maman akakaa bila kuoga hadi mgongo ukaanza kuchubuka. Niliogopa sana. Nikachemsha maji, nikamfunika kitenge, nikafumba macho kwa heshima, nikaanza kupapasa. Maji yakamwingia sikioni, na nusura ateleze kwenye kiti.

Akanishika shati: “Weye fungula macho, utaniangusha. Miye ndo nitafunga yangu.”

Tangu siku hiyo ndivyo tunavyofanya. Soma vizuri.

Kaka yako, Védaste