Mukono ya Mwenye Mimba

Yaya Scholastique,

Kondoo ya ine imetupa mutoto leo asubui, kwenye majani nyuma ya choo, na nilipomaliza kunawa nikakamata bic nikuandikie. Usikasirike kama naanzia hapo. Weye uko muzima? Shemeji iko namna gani huko Mahagi? Na ule wa mu tumbo, anacheza? Siye tunapumua. Mama analalamika magoti. Bibi yangu Rébecca anakula kidogo. Mvua ya Bunia imeleta matope mpaka mu nyumba.

Najua mama alikupigia simu ukuye kupokea batoto ba kondoo. Mimi naandika juu simu iko mu mufuko yake kila saa, na sauti yangu unaijua, inapoteaka.

Ilianza vile: kondoo ya kwanza ilitupa mutoto hana hata manyoya. Mama alisema ni baridi. Ya pili ilizaa mbele ya wakati, mutoto mudogo sawa panya, lakini anapumua. Unajua desturi ya kwetu, mwenye mimba ndiye anapokeaka, ndiyo kundi iongezeke. Mama akamufungia Rébecca ule mutoto na kitambaa ya kikwembe, juu ya tumbo. Rébecca alilala naye. Alimufia pale pale.

Tangu hapo mimi ndiye naziangalia. Naangalia ile inajitenga, ile inaacha majani, ile mukia yake iko na uchafu. Fabrice, jirani, ananilalamikia njiani eti kondoo zetu ziliingia mu planning ya uzazi, nizipeleke kwa basista zipigwe sindano vizuri. Batu banacheka. Na mi nacheka.

Ya tatu ilipotupa nikaita Docteur Gauthier, munganga ya nyama ya kufuga. Alivaa gants ya mpira mpaka kwenye kiwiko. Mama akamuuliza kama alikuya kupasua muntu ao kugusa kondoo. Hakucheka. Aliuliza kama tuliingiza kondoo mugeni, mama akamuonyesha ile nyeusi ya soko ya Kpandroma. Alitia kipande ya ule mutoto mu chupa, ya kupimwa mu labo, majibu haiyarudi. Alisema zenye zilitupa tuzitenge, vyenye vilianguka tuzike chini sana, na muntu asiguse na mikono mitupu. Nyuma ya ile akauliza kama mu nyumba kuko mwanamuke mwenye mimba, juu magonjwa ingine ya kondoo inaingiaka mu mwanamuke, inamutosha mutoto mu tumbo mbele ya wakati.

Mama alijibu kwamba hakuna.

Yaya, hakusema uongo. Siku ile hakukuwa tena. Ya Rébecca ilikuwa imeshatoka, nyuma ya ule mutoto wa mu kikwembe kufa. Hatukukuambia, tuliogopea tumbo yako. Ule mutoto wa Rébecca alikuwa mwanaume. Mimi ndiye nilimuzika, na jembe ile ile ya kondoo.

Docteur hakusema ni ile, juu hakujua. Mimi nilisimama nyuma yake, sikuuliza. Mama, sijui alisikia ao hapana. Yeye anasema kondoo zinatupa juu mukono ya mwenye mimba haiko tena mu nyumba, ndiyo maana anakuita weye. Siku Docteur alikuya, Rébecca alikuwa sokoni. Mpaka leo sijamwambia. Nikimwambia, atakumbuka nani alimufungia kikwembe, na yeye na mama banalala mu nyumba moja.

Usikuye. Mwambie mama miguu imekuvimba. Hata ukisikia kondoo zote zimekwisha, bakia Mahagi mpaka uzae.

Kamate anayeendesha kamio anamalizia chai hapa kwetu, ndiye atakufikishia hii. Unisalimie shemeji. Mungu akuchunge, na ule wa mu tumbo.

Naacha hapa. Ile nyeupe imejitenga kwenye ukuta, inalia, na naona Rébecca anatoka na kikwembe mu mukono. Nakimbia nimufikie mbele hajagusa.

Mudogo wako,
Stéphane