Fizi Zangu na Posa ya Behrang

Jumanne, tarehe 3, mwezi wa Mehr

Mwanangu Mahlagha kaja na supu na habari. Mwanawe Behrang anataka kuoa! Binti ni daktari wa meno, Parastu Golzari. Wamejuana kwa kupanda mlima Sofe siku za Ijumaa. Badala ya kufurahi, Mahlagha kanuna, ananiambia: Baba, hatuwajui hawa watu, lazima tuulizeulize.

Lakini Behrang kamwapisha mama yake: safari hii hakuna upelelezi. Hakuna kwenda kumhoji muuza mboga wao, hakuna kuvizia majirani. Posa mbili zilizopita zilikufa hivyo hivyo, Mahlagha alichimba mpaka watu wakafunga milango. "Nikisikia tu mmempeleleza, mama, basi. Sioi tena, na hapa hamnioni."

Kamwapisha mama. Mimi hakuniapisha mtu.

Jumatano, 4 Mehr

Nimekwenda kliniki kwa binti mwenyewe! Nimevaa koti la sikukuu, nimeshika shavu, nimeguna kidogo mlangoni ili waone naumwa. Jina nimetoa langu halisi. Behrang anatumia la baba yake, marehemu, kwa hiyo nani atajua?

Binti mfupi, macho makali, viatu vya raba. Hana maneno mengi. Fungua mdomo, mzee. Nikafungua. Nilikuwa na maswali yangu tayari — kwao wapi, anajua kupika, ana hasira? Lakini mtu atahoji vipi na kioo mdomoni? Nikabaki natoa sauti kama kondoo.

 Halafu akamwita msaidizi, akawa anapima fizi na kumtajia namba. Sikuzipenda zile namba.

Kumbe meno yangu ya mbele ya chini, niliyokuwa nayaringia kwamba ni marefu kama ya farasi — hayajarefuka. Fizi ndiyo imeshuka. Mizizi iko uchi. Kaniuliza napiga mswaki vipi. Nikamjibu kwa fahari: brashi ngumu, chumvi ya mawe, nguvu zote, kama nasugua sufuria.

Akafumba macho. "Mzee wangu, wewe hukuwa unasafisha meno. Ulikuwa unajichuna."

Dawa yake: anakata kipande cha nyama juu, kwenye kaakaa, anakishona chini mbele. Nisipofanya, meno mawili yataanza kucheza, kisha kwaheri. Na meno yangu mwenyewe yaliyobaki ndiyo hayo na majirani zao wachache.

Nilikwenda kupeleleza. Nimepelelezwa mimi!

Jumamosi, 7 Mehr

Nimemwambia rafiki yangu Nosratollah, tena yeye tu. Tulikuwa tumekaa kwenye ngazi za daraja la Khaju, mto mkavu, watu wanatembea katikati yake kama uwanjani. Akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Nyama ya juu ishonwe chini! Wakikosea utakuwa unakula kwa kidevu." Nikamwambia hajui kitu. Maisha yangu yote nilikuwa natengeneza mazulia sokoni. Zulia likitoboka katikati, unachomoa nyuzi pembeni mwa zulia lile lile, pasipoonekana, unaziba. Ukiazima za zulia jingine, rangi haikubali. Hiki ni kitu hicho hicho, tofauti ni kwamba zulia halitoki damu.

Nosratollah kaacha kucheka. "Na siku ya posa? Si atakuona?"

Posa ni majira ya baridi, nimemwambia. Mpaka hapo atakuwa ameshachungulia midomo ya nusu ya Isfahan. Wa kwangu ataukumbuka kwa lipi?

Alisema: kwa harufu. Mbwa huyu.

Jumatatu, 9 Mehr

Nimeshonwa tayari. Mdomo wa chini siuhisi. Naandika huku mate yananidondokea, nimefunga taulo.

Niandike kabla sijasahau. Mikono yake haina haraka. Nilikuwa nimefumba macho lakini masikio yanafanya kazi: uzi unapita, unavutwa, unakazwa kidogo, unakatwa. Hakuvuta hata mmoja kwa nguvu. Mimi nimewafukuza vijana wangapi dukani kwa kuvuta uzi! Nikasema moyoni, Behrang, oa. Upelelezi umekwisha, nimeridhika.

Ndipo akaanza kuongea na msaidizi wake juu ya uso wangu, kama vile mimi meza.

Kwamba mwaka juzi alikuja mama mmoja hapa, eti gego linauma. Gego zima kabisa! Kumbe ni mama wa mchumba, kaja kumtazama kama mtu anayenunua ng'ombe. Anamwuliza msaidizi mshahara wa daktari, anamwuliza kama daktari huwa anapiga kelele. "Siku ile ile nikamwambia mwanawe asije tena. Na huyu wa sasa nimemweleza mapema. Akiniletea mpelelezi, hata awe malaika, nyumbani kwetu hakai."

Ganzi ilikuwa mdomoni tu. Kwa nini miguu nayo ilikufa?

Akanigusa bega. Usitetemeke, mzee, nimebakiza mmoja.

Jumanne, 10 Mehr

Nimevimba kama nimeng'atwa na nyigu. Kaakaa linawaka. Amri zake: hakuna cha moto, hakuna kigumu, hakuna sigara, hakuna kuvuta mdomo kwenye kioo niangalie. Kile kipande kinatafuta damu ya kukilisha, kikitikiswa kinakufa. Nyuzi zitatoka baada ya wiki mbili.

Mtindi baridi asubuhi. Mtindi baridi mchana. Sasa mtindi baridi.

Mahlagha kapiga simu, nimemwambia nina mafua.

Alhamisi, 12 Mehr

Balaa!

Mahlagha kaja mbio, shungi limemwangukia mabegani. Baba yake binti anasafiri kwenda Mashhad, atakaa huko miezi. Wameiwahisha posa. Alhamisi ijayo!

Nikasema nendeni tu, mimi mgonjwa. Akanitazama kama nimemtukana. "Baba! Mume wangu yuko kaburini. Nani atafungua maneno? Nani ataomba mkono wa binti wa watu — mimi? Wataona Behrang hana mkubwa nyuma yake." Kweli, mkubwa wa kiume ndiye anayeomba, na mkubwa ndiye mimi. Hakuna mwingine.

Akasema, mbona unaongea na meno yamefungwa?

Mafua, nikamwambia.

Jumamosi, 14 Mehr

Behrang kapita kunibusu mikono. Kijana anang'aa. Kanunua tai. Anafanya mazoezi ya kukaa kwenye kiti bila kutikisa goti! Nikaanza, mwanangu, kuna jambo — akanirukia shingoni. "Babu, ninyi mmenitunzia heshima. Safari hii hakuna aliyechokonoa. Nimemwapia Parastu kwa uhai wako."

Kwa uhai wangu! Kaapa kwa kitu kibovu namna hii!

Sikusema. Nimekula mtindi.

Jumatano, 18 Mehr

Nosratollah ana mashauri. La kwanza: vaa miwani myeusi. La pili: fuga ndevu tangu leo mpaka kesho. La tatu: kufa.

Nimemwambia la tatu nalifikiria.

Alhamisi, 19 Mehr

Naandika chooni, nyumbani kwa akina Golzari. Kidaftari kilikuwa mfukoni, kalamu haiandiki vizuri. 

Tulipokelewa vizuri. Maua, halua ya gazi, matunda, baba mtu mpole, mama mtu ananitupia jicho mara kwa mara. Nimekaa mahali pa juu, miwani myeusi usoni — Mahlagha kanifinya mara mbili niitoe. Nimefungua maneno. Nimeomba mkono wa binti kwa meno yaliyofumbwa, na wao wakadhani ni adabu ya kizamani. Baba yake akasema, maneno mazito yanatoka taratibu. Nikaanza kupumua!

Kisha akaingia na chai.

Binti mwenyewe, kama inavyotakiwa, trei mkononi, glasi zenye kiuno, mvuke unapanda. Kwanza baba yake? Hapana. Kwanza mgeni mkubwa. Mimi.

Akainama. Akaniona kidevu. Sio uso — kidevu! Nimeona macho yake yakishuka pale pale alipokuwa akishona, yakakaa hapo. Glasi zikagongana kidogo kwenye trei. 

Chai inachemka. Nikinywa, kipande kinaungua, tena mbele ya aliyekishona. Nisipoichukua, basi upande wa kijana umemkataa binti, kwa chai yake mwenyewe, nyumbani kwa baba yake.  Goti la Behrang limeanza kutikisika. Mama wa binti kaacha kutabasamu.

Nikasema, naomba choo.

Choo! Mbele ya trei!

Nasikia sauti huko nje. Mahlagha anacheka kicheko cha kufunika aibu, eti baba tumbo lake, eti mafua. Baba wa binti anauliza kama chai yao ina kasoro.

Sasa Behrang anagonga. Babu, toka, watu wanadhani umegoma. Babu, nakuomba.

Kaenda.

Nyayo nyingine. Nyepesi. Sauti ya chini, mdomo karibu kabisa na mlango: "Mzee, hutoki damu?"

Hapana, nimemwambia.

 Sauti ile ile ya kliniki, haina haraka.

"Chai yako nimeipoza kwa barafu. Toka uje uinywe yote wakuone. Ukimaliza kuinywa, uwaambie mwenyewe tulikojuana. Mimi sisemi. Nitakaa nikusikilize, halafu nitajua la kufanya."

Na nyuma yake, sauti ya Behrang, kumbe hakwenda mbali: "Mmejuana? Babu?"

 Wote wawili wako mlangoni, naona vivuli vya viatu vyao chini ya mlango. Nimeshika komeo kwa mkono wa kushoto, wa kulia naandika la mwisho: nafungua, naenda kuinywa chai na kusema.